Uzi wa wastaafu wa Dodoma: nyumba isiyoisha, mafundi, na mbwa mdogo mwenye meno mapya

BibiMkonze

Wakuu habari za humu. Walionizidi umri shikamooni, wengine wote marahaba.

Nyuzi za ujenzi ni nyingi, ila karibu zote ni za vijana wanaouliza ramani ya vyumba vitatu inakula tofali ngapi. Sisi tuliohamia nyumba kabla haijaisha, tukastaafia humo humo, hatuna kijiwe. Basi nafungua hiki. Mwenye nyufa, mwenye gata zinazovuja, mwenye mbwa aliyekula kandambili za mgeni, karibuni.

Mimi ni muuguzi mstaafu, niko Mkonze. Tulihamia nyumba ikiwa na bati, milango na sakafu ya saruji, mengine tukasema tutamalizia tukiwa ndani. Baba watoto alinitangulia kustaafu. Kazi yake kubwa siku hizi ni kukaa chini ya mwarobaini na redio yake, akiwaambia mafundi kwamba hivyo sivyo. Mkupuo wangu, yaani zile fedha za kustaafu zinazolipwa kwa pamoja, ulipotoka watu walijua kabla yangu: fundi lipu alijua, fundi pevingi alijua, mpaka binamu wa Manyoni ambaye simu yake ilikuwa haipatikani kwa miaka ikaanza kupatikana.

Mbwa aliletwa na wajukuu. Mama yake ni wa kienyeji kutoka Veyula, baba inasemekana ni jamii ya mbwa wa polisi, na kwa yale masikio naelekea kukubali, moja limesimama na la pili bado linatafakari. Baba watoto akampa jina Kikokotoo, kama ile kanuni ya kupigia hesabu mafao yetu, kwa kuwa chochote kinachopita mbele yake unarudishiwa asilimia tu. Wajukuu wamefupisha, wanamwita Koko.

Sasa hoja yangu. Nasema nyumba ya mstaafu isimaliziwe kwa mkupuo, imaliziwe kwa msimu. Dodoma mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza kama Desemba zinakwisha Aprili, na ndani ya miezi hiyo ndipo nyumba inasema kila kitu: maji yanapita wapi, ukuta gani unanyonya, kona ipi inatitia. Ukiweka pevingi mwezi wa tisa ardhi ikiwa kavu kama mkate wa juzi, unapanga kwa kubahatisha. Halafu una mbwa ambaye hajatimiza mwaka, anachimba na kutafuna. Mimi nimesogeza mbele pevingi, bustani na rangi ya nje. Nimeanza na maji, geti na mifereji.

Fundi pevingi amenuna. Kijana wangu aliyeko Dar naye kila akipiga simu ni, "Mama maliza, hela ikikaa inaliwa." Nisikie na ninyi.

MpangajiAreaC

Shikamoo bibi. Mimi sina nyumba, sina mbwa, sina mkupuo, ila nimekaa siti ya mbele kabisa.

FundiWaNala

Shikamoo mama. Mimi ni fundi, nitasema upande wetu maana humu tukisikika ni kwa kulalamikiwa.

Ukimwita fundi mara nne kwa kazi nne ndogo, unalipa mara nne: usafiri wa mchanga na kokoto, saidia fundi wake, chai, na zile siku mbili za kupanga jukwaa na kulishusha. Saruji nayo haikusubiri. Nimewaona wastaafu wanaosema "kidogo kidogo", kidogo kikaliwa na harusi za wajukuu na michango, nyumba ikabaki na lipu upande mmoja. Mwanao hajakosea sana.

Ila kwenye pevingi nakuunga mkono. Watu wengi wanalipia tofali za juu, hawalipii kilicho chini yake. Udongo usiposhindiliwa, mchanga usiposawazishwa kwa pima maji, na pembeni kusiwe na mawe ya kushika, baada ya masika moja utaona mawimbi. Na maji yaelekezwe mbali na nyumba. Sijui ni nani aliwafundisha watu kwamba uwanja mzuri ni ule ulio sawa kama meza.

Swali: udongo wako ni mwekundu au mweusi?

BibiMkonze

Marahaba fundi. Mbele ni mwekundu wa kichanga, ila kona ya nyuma kushoto unageuka mweusi. Kiangazi unapasuka, nyufa zinaingiza kidole. Mvua zikinyesha unanata, kiatu kinabaki nyuma mwenyewe unaendelea.

FundiWaNala

Hapo ndipo penye kazi. Udongo mweusi ukinywa maji unavimba, ukikauka unasinyaa. Nyumba iliyokanyaga mguu mmoja kwenye mwekundu na mwingine kwenye mweusi inavutwa. Ukiona ufa unapanda kwa ngazi ngazi kufuata viungo vya tofali kutoka kona ya dirisha, au ufa mpana juu na mwembamba chini, usikimbilie kuuziba. Weka alama ya penseli kwenye ncha zake, andika tarehe ukutani hapo hapo, uangalie kiangazi hiki na masika yajayo. Ukifunguka na kujifunga kwa msimu, ugonjwa ni maji kwenye msingi, na lipu haitibu hilo.

Dawa ni kuyaweka maji mbali: gata, mfereji, na sakafu ya zege ya kuzunguka nyumba yenye upana wa mita moja hivi, ikiinama kwenda nje. Usipande mti mkubwa hapo karibu, na usimwagilie bustani iliyoegemea ukuta.

Chamwino_Mkongwe

Mbukwenyi.

Mambo ya msingi mmeshayasema mafundi. Mimi naongelea mbwa. Mama, mbwa anayecheza na wajukuu mchana hatalinda usiku. Sisi huku mbwa anafungiwa bandani tangu alfajiri, anafunguliwa saa mbili usiku, haoni watu, hazoei watu. Mgeni akipita nje anaguna tu. Huku kwetu pembezoni fisi wanapita, huhitaji mbwa anayelala kwenye zulia.

MgangaMifugo

Mzee wangu wa Chamwino, shikamoo. Naomba kukupinga kwa heshima.

Mtoto wa mbwa kuanzia wiki ya tatu mpaka kama ya 14 hivi ndipo anajifunza kipi cha kuogopa na kipi cha kawaida. Ukimfungia gizani umri huo, hutapata mlinzi, utapata mbwa mwoga, na mbwa mwoga ndiye anayeng'ata mtoto wa jirani aliyekuja kuokota mpira. Mbwa mzuri wa ulinzi ni yule anayewajua wa nyumbani, anaujua mpaka wa kiwanja, na anabweka kinapotokea kisicho cha kawaida. Hilo la kubweka huja lenyewe akikomaa. Banda liwepo, lenye kivuli na maji, ila liwe kitanda chake, lisiwe gereza.

Bibi, chanjo za Koko zikoje? Ana umri gani?

BibiMkonze

Alikuja na wiki saba kwa maelezo ya mwenye mama yake, sasa anaingia mwezi wa tano. Ya kichaa cha mbwa alipata alipotimiza miezi mitatu, na zile za paravo na distempa, magonjwa ya virusi ya mbwa, amemaliza marudio yake. Kadi ninayo, nimeitunza kwenye bahasha moja na kadi za kliniki za wajukuu. Baba watoto anasema sasa mbwa ana faili, yeye hana.

MgangaMifugo

Safi sana. Kwa faida ya wengine:

Kichaa cha mbwa, chanjo ya kwanza akiwa na miezi mitatu, kisha marudio kila mwaka. Kila 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na sehemu nyingi huwa kuna chanjo za bure kipindi hicho, ulizia kwa afisa mifugo wa kata. Ukiumwa na mbwa usiyemjua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usisubiri uone mbwa atakuwaje, na usipake pilipili wala mafuta ya taa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Paravo na distempa, anza wiki ya sita mpaka ya nane, rudia kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka afike wiki 16. Paravo ni mbaya kwa sababu kirusi chake kinakaa kwenye udongo miezi mingi. Kama kuna mbwa alikufa uani kwako kwa kuhara damu, usilete mtoto mwingine asiye na chanjo.

Minyoo, kila wiki mbili akiwa mdogo, kisha kila mwezi mpaka afike miezi sita. Na tafadhali, utumbo na maini kutoka machinjioni vipikwe. Mbwa akila vibichi anaweza kupata minyoo ambayo mayai yake yakiingia kwa binadamu yanaleta uvimbe wa maji kwenye ini.

Kupe ndio adui mkubwa wa huku kwetu. Mkague kila jioni masikioni, katikati ya vidole na kwapani. Akikataa chakula, akawa na homa, ufizi umepauka au damu inatoka puani, usimpe vidonge vya binadamu, mlete. Na dawa ya kuogeshea ng'ombe usimwogeshe mtoto wa mbwa kwa kukadiria na kifuniko cha chupa.

KijanaWaMiyuji

Daktari, na oili chafu ya gari? Huku mtaani mbwa akipata ukurutu wanampaka hiyo.

MgangaMifugo

Hapana hapana hapana. Inaunguza ngozi, anailamba, inaingia tumboni, inafika kwenye ini. Ukurutu una dawa, siku hizi za sindano au kidonge, na si ghali kuliko mbwa.

FundiWaNala

Hapo umenigusa maana sisi oili chafu tunapaka nguzo za uzio mchwa wasile. Kumbe kama kuna mbwa mdogo anayetafuna nguzo?

MgangaMifugo

Anayetafuna nguzo ni yule wa miezi minne mpaka saba. Meno ya utoto 28 yanadondoka, yanaota 42 ya ukubwani, fizi zinamwasha. Miezi hiyo paka sehemu inayozama ardhini tu, au tumia mbao iliyotiwa dawa kiwandani, au vyuma. Na dawa ya mchwa ya kumwaga kwenye msingi, mbwa akae mbali mpaka udongo ukauke kabisa. Muulize aliyekuuzia, soma na karatasi.

BibiMkonze

Wakuu, mrejesho kidogo, na huu una uhusiano na ile kona nyeusi.

Koko ana shimo lake. Uwanja wote upo, kivuli cha mwarobaini kipo, lakini yeye kila siku saa sita anaenda kuchimba hapo hapo, hatua mbili kutoka ukuta wa jikoni, anajilaza ndani tumbo likigusa chini. Tunafukia, anafukua. Baba watoto akaweka jiwe, akachimba kando ya jiwe. Fundi pevingi (yule aliyenuna) alipokuja kupima tena akasema suluhisho ni rahisi, tumwage zege hapo, mbwa atahama.

Mimi miaka yote wodini nilifundishwa kabla ya kufunga kidonda uangalie ndani. Nikapiga magoti na tochi. Udongo wa juu mkavu, vumbi tupu. Ule aliolalia mbwa ulikuwa wa baridi na unyevu, ukiufinya unashikana, na hapo ilikuwa Septemba, hakuna tone lililoanguka tangu Aprili. Nikafunga bomba zote, nikahakikisha boya la tenki limeshafunga, nikaenda kukaa mbele ya mita na kikombe cha chai. Kile kigurudumu chekundu kilikuwa kinazunguka taratibu.

Tukachimba. Bomba linalokwenda jikoni lilikuwa na ufa kwenye kiungo, maji yanatoka kidogo kidogo yanaingia kwenye ule udongo mweusi chini ya msingi, na dirisha la jikoni ndilo lenye ufa wa ngazi ngazi aliousema FundiWaNala. Sijui ilianza lini. Bili ilikuwa inapanda, tulidhani ni wajukuu.

Kiungo kimebadilishwa, mfereji umeachwa wazi kwa siku kadhaa tuone kama panakauka, na nimeweka alama za penseli kwenye ufa. Zege la fundi pevingi lingefunika yote hayo, na mbwa angeonekana ndiye mharibifu.

MpangajiAreaC

Kikokotoo amekokotoa. 😂

StesheniSingida

Nimestaafu uhasibu, nipo Singida mjini, nafuatilia.

Dada BibiMkonze, hoja yako ya msimu naikubali kwa sababu nyingine kabisa, ya hesabu. Sisi tuliostaafu chini ya kanuni ya 2022 mkupuo ulikuwa asilimia 33, na kuanzia bajeti ya 2024/25 wale ambao zamani mkupuo wao ulikuwa asilimia 50, wakashushwa hadi hiyo 33, wamepandishwa hadi 40. Kinachobaki kinakuja kila mwezi. Maana yake serikali imeshakupangia kwamba wewe ni mtu wa kila mwezi. Sasa ukijenga kwa akili ya mkupuo wa zamani, unamaliza kile kipande kikubwa kwenye marumaru, halafu bati likivuja unatafuta kwenye pensheni ya mwezi hupati.

Mimi nimegawa hivi: vitu ambavyo vikiharibika vinaharibu vingine (paa, maji, umeme, choo) vinatoka kwenye mkupuo, na vinafanywa vyote mapema, hapo naungana na fundi. Vya kupendeza vinatoka kwenye pensheni, chumba kimoja kwa wakati. Rangi ya sebuleni ikichelewa mwaka hakuna anayekufa.

FundiWaNala

Huyu mzee wa Singida ndiye bosi ninayemtaka. Nakubali, nilikuwa naongea kwa mkumbo.

Mama_Hombolo

Jamani na mimi niingie. Mama Mkonze, umesema bustani. Usije ukapanda mzabibu kwenye kile kichanja cha kivuli kama watu wa mtaa wa Kisasa wanavyofanya siku hizi, kabla hujamuuliza daktari kuhusu mbwa. Mimi ni mkulima wa zabibu, tunavuna mara mbili kwa mwaka, na mbwa wetu wanafundishwa kutoka shambani wakati wa mavuno. Kuna mmoja alikula zilizodondoka, tukadhani ni tumbo tu.

BibiMkonze

Unasema kweli? Maana kichanja ndio ndoto yangu ya miaka! Miche nilishaahidiwa, ile nyekundu ya Makutupora, na vyuma vya kichanja vipo vimeegemea ukuta.

MgangaMifugo

Ni kweli kabisa, na asante Mama Hombolo, mji huu wa zabibu ulitakiwa ujue hili kuliko mji wowote. Zabibu mbichi, mbivu na kavu zinaweza kuua figo za mbwa. Watafiti siku hizi wanaelekeza kidole kwenye asidi ya tartariki iliyomo kwenye tunda. Shida ni kwamba kiasi hakitabiriki, kuna mbwa anakula kichane hana kitu, mwingine anakula chache anaanza kutapika ndani ya siku moja, ananyong'onyea, halafu mkojo unapungua. Ukifika hapo umechelewa. Ukimwona amekula, mlete saa hiyo hiyo, usisubiri atapike.

Sisemi usipande. Panda, ila kichanja kiwe juu, na chini yake pawe na wavu au uzio mfupi miezi ya matunda. Zinazodondoka ziokotwe kila asubuhi. Na mikate ya zabibu kavu ya wajukuu isiachwe kwenye kigoda. Vitunguu na chokoleti navyo hapana.

Mama_Hombolo

Na ukipogoa vizuri utajua mapema lini matunda yanakuja, kama miezi minne hivi tangu kupogoa. Kwa hiyo huo uzio wa muda unauweka kwa kalenda, hukai nao mwaka mzima. Mimi ningekushauri mwaka huu uweke nguzo tu, mche uuweke mvua zikianza. Mpaka mzabibu uzae, huyo Koko atakuwa mtu mzima mwenye akili.

JiraniWaNkuhungu

Assalaam alaykum. Mimi nipo upande wa pili wa ukuta, kwa maana ya kwamba huku Nkuhungu mimi ndiye jirani wa mwenye mbwa. Ni Mwislamu, na sisi kwa madhehebu yetu ya Kishafi mate ya mbwa ni najisi, nguo au chombo kikiguswa kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Siandiki kulaumu. Jirani yangu alipoleta mbwa alikuja kuniambia kwanza. Akaweka ndoano getini, mimi nikija nagonga, anamshika mbwa ndipo naingia. Bomba la nje tunalochotea wote amelizungushia ukuta wa futi mbili mbwa asifike kulamba. Ni tofali chache sana na mfuko wa saruji haukuisha. Wenye mbwa mnaorekebisha nyumba, liwekeni kwenye orodha hilo.

BibiMkonze

Wa alaykum salaam jirani. Hili nimelichukua kama lilivyo. Bomba letu la mbele wanachotea nyumba tatu siku za mgao, na mbili ni Waislamu. Hawajawahi kusema kitu, ila nimekumbuka siku hizi wanatuma watoto tu, wenyewe hawaji. Fundi, ongeza huo ukuta kwenye kazi za wiki ijayo.

Chamwino_Mkongwe

Nimesoma yote. Daktari bado hujanishawishi kuhusu fisi.

MgangaMifugo

Mzee, fisi hata mbwa uliyemfungia miaka mitano anamkimbia. Fisi ni kazi ya ukuta na geti linalofika chini.

Chamwino_Mkongwe

Hapo sawa. Geti langu lina nafasi chini ya kupitisha kuku.

KijanaWaMiyuji

Naomba kuuliza kuhusu maji ya mvua. Mzee wangu anataka tenki la lita 5,000, mama anasema ni kupoteza hela kwa sababu Dodoma mvua yenyewe iko wapi. Nani mkweli?

StesheniSingida

Kijana, chukua kalamu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Dodoma kwa mwaka mnapata kama milimita 550 hivi, sisi Singida tunawazidi kidogo. Pima paa lako kwa kivuli chake chini, usipime bati lenyewe. Nyumba yenye mita za mraba 120, zidisha kwa 550, ni lita 66,000. Toa asilimia 20 ya kumwagika na kukauka juu ya bati la moto, inabaki kama 52,800. Mama yako yupo sahihi kwamba mvua ni chache, ila paa ni kubwa kuliko anavyofikiri. Tenki la 5,000 litajaa mara nyingi kati ya Desemba na Aprili, na kila mara likijaa mengine yanakimbilia barabarani. Kwa hiyo ugomvi wao uhamie kwenye ukubwa wa tenki, maji yapo.

FundiWaNala

Na gata ziwe na mwinamo, sentimita moja kwa kila mita mbili hivi, vinginevyo maji yanasimama mnafuga mbu. Mvua ya kwanza msiiingize tenkini, imebeba vumbi la miezi saba na mavi ya popo. Wekeni kipande cha bomba cha kumwaga yale ya mwanzo.

Faida nyingine, kwa wanaotumia maji ya kisima ya chumvi kujengea: kwenye zege lenye nondo hayafai, chumvi inakula chuma. Kwenye lipu inatoka unga mweupe na rangi inababuka. Mkiwa na maji ya mvua tenkini, hayo ndiyo mchanganyie zege na mmwagilie siku saba.

BibiMkonze

Basi nipange sasa mbele yenu ili mwanangu wa Dar akipita humu asome.

Kabla ya Desemba: gata pande zote mbili, tenki, mfereji wa nyuma, sakafu ya kuzunguka nyumba upande wa udongo mweusi, ukuta wa bomba, na geti lishushwe mpaka chini. Hizo zote ni za mkupuo, kama alivyosema kaka wa Singida, na zinafanywa kwa mpigo mmoja ili fundi asinilipishe jukwaa mara nne.

Masika: hakuna fundi. Nitavaa gambuti nizunguke nyumba mvua ikinyesha, nichore maji yanapopita. Nguzo za kichanja zitakuwepo, mche utaingia ardhini.

Mei kwenda mbele: nikiona ufa umetulia ndipo lipu na rangi. Futi tatu za chini nitapaka rangi ya udongo, maana mvua ikigonga ardhi yetu nyekundu inarusha madoa ukutani, nyeupe ni mapambo ya watu wa pwani. Pevingi ni ya mwisho kabisa, Koko akishapita mwaka. Na lile shimo lake la baridi linabaki. Nimemhamishia tu hatua chache kutoka ukutani, chini ya mwarobaini, nikamwagia ndoo ya maji ya kufulia yaliyosuuzwa mara ya mwisho. Amelikubali. Sasa analala miguuni kwa baba watoto na wote wawili wanasikiliza taarifa ya habari.

MgangaMifugo

Kimoja tu bibi. Siku za zege na lipu Koko asiwepo karibu. Saruji mbichi ni kali, inaunguza nyayo, na akijilamba inaunguza ulimi. Akikanyaga, mwoshe kwa maji mengi hapo hapo.

FundiWaNala

Mama, nimekutumia namba yangu kwa ujumbe wa ndani. Jumamosi nikija kupima gata, mfungeni mbwa kabla sijaingia. Mimi na mbwa hatujawahi kuelewana tangu utoto.

BibiMkonze

Ya kupima hafungwi, atakunusa na kuondoka. Siku ya zege atafungwa mpaka umalize kuosha toroli. Ndiyo masharti ya kazi, bei tutaongea.

FundiWaNala

Mama, hiyo ya kunusa ndiyo itapandisha bei.